Nota zinazosikika: Jinsi muziki wa kwaya unavyotayarishwa kwa ajili ya mtandao

MAKANISA, shule na vyuo vya Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Westlands na Kangemi, vina hazina ya nyimbo za kwaya ambayo kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa mkono. Nyimbo hizo zimo katika madaftari ya walimu wa kwaya, katika karatasi zilizonakiliwa mara nyingi hadi herufi zikafifia, na katika picha zinazotumwa kwa rununu kutoka kwa mwanakwaya mmoja hadi mwingine. Mwalimu anapostaafu, kuhama au kufariki, daftari lake linaweza kupotea pamoja naye, na wimbo uliokuwa ukiimbwa kwa sauti nne ukabaki na sauti moja tu inayokumbukwa.

Nota shirikishi ni mojawapo ya njia za kuzuia hasara hiyo. Hizi ni nota zinazoonyeshwa kwenye tovuti kwa namna inayomruhusu msomaji kuzifanyia kazi badala ya kuzitazama tu. Anaweza kuzisikiliza huku nota inayosikika ikibadilika rangi, kupunguza mwendo, kupandisha au kushusha ufunguo, kurudia kipimo kimoja kigumu, au kunyamazisha sauti tatu ili aisikie besi peke yake. Kwa mwanakwaya anayefanya kazi siku nzima na kuhudhuria mazoezi mara moja kwa juma, huyo ni mwalimu wa pili.

Hata hivyo, nota za aina hiyo hazipatikani kwa kupiga picha karatasi na kuipandisha mtandaoni. Zina matayarisho yake, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya tovuti yenyewe kuguswa.

Picha si nota

Kwa tarakilishi, picha ya ukurasa wa nota haina tofauti na picha ya ukuta. Iwe imepigwa kwa simu, imeskaniwa au imehifadhiwa katika faili ya PDF, ni madoa meusi juu ya weupe. Binadamu aliyefundishwa atayasoma madoa hayo akaimba, lakini tarakilishi haijui kwamba doa hili ni la soprano na lile ni la tena, wala kwamba moja linadumu kwa mapigo mawili na jingine kwa nusu pigo.

Ili nota ziweze kusikika, kuhamishwa ufunguo au kutafutwa, lazima kila moja iandikwe kama taarifa kamili: ni sauti gani, iko katika oktavu ipi, inadumu kwa muda gani, imo katika kipimo cha ngapi, inaimbwa na kundi lipi, na inabeba silabi gani ya maneno.

Mfumo wa kwanza wa taarifa kama hizo kuenea duniani ulikuwa MIDI, uliotokea mwaka 1983. MIDI hukipa kila kitufe cha kinanda nambari, C ya kati ikiwa 60, kisha huandika kitufe kimebonyezwa lini na kuachiliwa lini. Unafaa sana kwa kupiga sauti. Haukuundwa, hata hivyo, kwa ajili ya kuchora ukurasa. F iliyopandishwa nusu na G iliyoshushwa nusu zote ni nambari 66, ingawa katika maandishi ni nota mbili tofauti.

Pengo hilo lilizibwa na MusicXML, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Michael Good katika kampuni ya Recordare, na ambao toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2004. MusicXML huandika muziki kwa maandishi ya kawaida ambayo programu tofauti zinaweza kuyasoma, kama vile barua inavyoweza kufunguliwa kwa programu zaidi ya moja. Tangu mwaka 2015 mfumo huo umekuwa chini ya jopo la W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, na toleo la 4.0 lilichapishwa mwaka 2021. Hakuna kampuni inayoweza kuufunga, na hiyo ndiyo sababu wanaoandaa nota za kudumu huupendelea. Wasomi wanaochunguza miswada ya kale hutumia pia mfumo wenza uitwao MEI.

Urithi wa solfa

Ugumu wa kwanza kwa Afrika Mashariki ni kwamba programu nyingi za kuandika muziki zilitengenezwa kwa kufuata mistari mitano ya Ulaya, ilhali idadi kubwa ya wanakwaya wa kanda hii husoma solfa.

Mfumo wa solfa una asili yake Uingereza. Mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich aliubuni, naye mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya 1816 na 1880, akauboresha na kuueneza. Wamishenari waliuleta Afrika kwa sababu mbili zenye mashiko: ulijifunzika haraka, na uliweza kuchapishwa kwa herufi za kawaida bila mitambo ya pekee. Mwalimu mwenye taipureta au kalamu tu aliweza kuigawia kwaya yake wimbo mzima.

Katika solfa, herufi d, r, m, f, s, l na t husimamia ngazi saba za sauti. Nukta pacha hutenganisha mapigo, nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, kistari huendeleza nota iliyotangulia, na alama ndogo juu au chini ya herufi huonyesha oktavu ya juu au ya chini. Ufunguo hutajwa mara moja mwanzoni. Wimbo wenye doh ya G ukiwa juu mno kwa waimbaji, mwalimu hutamka kwamba sasa doh ni F, na hakuna herufi hata moja inayobadilika kwenye karatasi.

Umuhimu wa kuandika muziki unaonekana katika wimbo wa taifa la Kenya. Asili yake ni wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Katika mwaka 1963, jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, liliutengeneza upya ukawa wimbo wa sauti kadhaa. Mara tu ulipoandikwa, ungeweza kuimbwa na kwaya, kupigwa na bendi ya polisi au kuchezwa na okestra ya nchi ya mbali isiyojua Kipokomo wala Kiswahili. Wimbo wa mama mmoja kwa mtoto wake ulivuka mipaka kwa kuwa uliandikwa.

Nyimbo nyingi nyingine hazikupata bahati hiyo. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezalisha kwa miongo mingi mipangilio ya nyimbo za jadi kwa ajili ya kwaya za shule na vyuo. Wapangaji kama Arthur Kemoli, aliyefundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kujulikana kwa mipangilio yake ya nyimbo za Kiluhya, waliacha kazi zinazoendelea kuimbwa. Baadhi ya kazi za kizazi hicho husafiri kwa nakala za mkono, kila nakala ikiongeza kosa lake.

Kuchagua nakala na kuingiza nota

Kutokana na hali hiyo, hatua ya kwanza si ya kitarakilishi. Mtayarishaji hukusanya nakala zote za wimbo anazoweza kupata na kuzilinganisha. Zikitofautiana, humuuliza mtunzi ikiwa yu hai, au waimbaji walioufundishwa na mtunzi. Uamuzi wa mwisho huandikwa pembeni ili atakayefuata ajue kilichobadilishwa. Kosa lililomo katika karatasi ya kwaya moja huharibu mazoezi ya kwaya moja; kosa lililomo mtandaoni hufundishwa kwa kila anayeufungua ukurasa.

Umoja wa nakala una faida nyingine. Kwaya za pamoja, kama zile zilizoimba katika misa ya Papa Francis kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi tarehe 26 Novemba 2015, zinahitaji waimbaji wa parokia mbalimbali wasome toleo lile lile kabla hawajakutana.

Hatua ya pili ni kuingiza nota katika programu. MuseScore, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mjerumani Werner Schweer ya mwaka 2002, hupatikana bila malipo na ndiyo chaguo la wengi. Sibelius na Dorico ni za kulipia. Zipo pia programu za kusoma nota zilizoskaniwa, mfano Audiveris, lakini hizo hutafuta mistari mitano. Karatasi ya solfa iliyoandikwa kwa mkono bado huhitaji jicho na vidole vya mtu.

Anayehamisha solfa kwenda mistari mitano hukabiliwa na mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni oktavu. Kwa desturi ya Curwen, sehemu za tena na besi huandikwa oktavu moja juu ya zinavyosikika. Asiyelijua hilo atasikia tarakilishi ikiwaimbisha wanaume pamoja na soprano.

Wa pili ni kuhama kwa ufunguo katikati ya wimbo. Solfa huonyesha badiliko hilo kwa nota ya daraja, yaani herufi mbili pamoja: ndogo ikitaja jina la nota katika ufunguo wa zamani, na kubwa ikitaja jina lake jipya. Herufi ndogo ikirukwa, kila kinachofuata huwa kibaya ingawa kila herufi imenakiliwa sawasawa.

Wa tatu ni nota zilizopandishwa au kushushwa, kama fe na ta. Katika fotokopi iliyofifia, ta husomeka kwa urahisi kuwa t, na utamu wa wimbo ukapotea.

Programu husaidia kugundua makosa ya muda. Kipimo cha mapigo manne chenye mapigo matatu na nusu huonekana mara moja. Haiwezi, hata hivyo, kugundua nota iliyo na muda sahihi na sauti isiyo sahihi. Kazi hiyo ni ya sikio.

Aidha, ni muhimu kila sauti ipewe mstari wake. Vitabu vya tenzi hubana soprano na alto katika mistari mitano ya juu, tena na besi katika ile ya chini, ili kuokoa karatasi. Mtandaoni karatasi si tatizo. Sauti nne zikitenganishwa tangu mwanzo, msomaji ataweza kuinyamazisha mojawapo au kuisikia peke yake; zikichanganywa, mara nyingi uwezo huo hupotea.

Silabi za Kiswahili

Maneno huhitaji uangalifu sawa na nota. Programu huunganisha kila silabi na nota yake, na mwandishi ndiye anayezigawa kwa kistari. Kiswahili kina silabi wazi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo mgawanyo sahihi ni nyu-mba, si nyum-ba, na sha-ngwe, si shang-we. Tofauti hiyo si ya wanaisimu pekee. Mwimbaji anayeona nyum hufunga midomo mapema, na nota ndefu inayopaswa kujaa irabu hugeuka mvumo wa pua.

Kwa upande mwingine, kuna silabi zisizo na irabu. Mtu ni m-tu na nchi ni n-chi, na katika nyimbo nyingi m au n hiyo hupewa nota yake yenyewe. Juu ina silabi mbili, ju-u. Pale ambapo mtunzi amebana irabu mbili za maneno tofauti katika nota moja, programu zina alama ya kuziunganisha, nayo inapaswa kutumiwa badala ya kuyaandika maneno yote mawili kama neno moja.

Herufi pia zina athari. Ng' ya ng'ambo iandikwe kwa alama ile ile ya ritifaa katika wimbo wote, la sivyo atakayeutafuta kwa maneno yake hataupata. Nyimbo za Gĩkũyũ, ambazo ni nyingi katika makanisa ya Nairobi, huhitaji ĩ na ũ. Faili ikihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, herufi hizo zitaonekana vyema katika simu yoyote ya kisasa. Zikiandikwa i na u tupu, maana ya maneno huweza kubadilika.

Solfa yenyewe haina haja ya kutupwa. Kwa kuwa MusicXML huruhusu mistari kadhaa ya maneno chini ya nota, mtayarishaji anaweza kuweka herufi za solfa katika mstari wa kwanza na maneno ya wimbo katika mistari inayofuata. Mwanakwaya aliyezoea d, r, m ataendelea kuzisoma, huku tarakilishi ikizipiga nota za juu yake. Tahadhari ni moja: herufi hizo ni maandishi tu kwa programu. Nota moja ikisahihishwa, herufi yake haina budi kusahihishwa pia.

Kutoka faili hadi ukurasa wa tovuti

Kazi ikikamilika huhifadhiwa kama MusicXML. Faili hiyo haionekani kama muziki hadi ipitie kwenye programu ndogo inayoichora ndani ya kivinjari. Mbili zinazotumika sana ni OpenSheetMusicDisplay na Verovio, na zote hutolewa bila malipo pamoja na msimbo wake. Verovio ilikuzwa na ofisi ya Uswisi ya RISM, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha hazina za muziki.

Programu hizo huchora kwa SVG, yaani picha inayoelezwa kwa mistari na maumbo badala ya nukta za rangi. Picha ya namna hiyo haififii inapokuzwa. Zaidi ya hayo, kila nota ndani yake inaweza kupewa kitambulisho chake. Wakati wa kupiga sauti, kivinjari hufuata ratiba: katika sekunde fulani, kitambulisho fulani kipakwe rangi. Msomaji akigusa kipimo cha 12, kivinjari huangalia ratiba hiyo kinyume na kuanzia hapo. Huo ndio msingi wote wa neno shirikishi.

Alama zenyewe za muziki hutoka katika fonti maalumu. Mwaka 2013 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitangaza kiwango kiitwacho SMuFL, kinachopanga nafasi ya kila alama, pamoja na fonti ya Bravura inayotumika bure.

Faida kubwa kwa msomaji wa Nairobi ni ukubwa wa skrini. PDF ya karatasi ya A4 ikifunguliwa kwenye rununu, msomaji hulazimika kuivuta huku na huko. Nota shirikishi hupangwa upya kulingana na upana uliopo; skrini ndogo hupewa vipimo viwili kwa mstari, na tarakilishi ikapewa vitano. Mpangilio huo huvunjika ikiwa mtayarishaji alilazimisha mistari ikatike mahali fulani, kwa hiyo hufaa akate mistari katika nakala ya kuchapishwa pekee.

Gharama ya data nayo hupungua. MusicXML ya wimbo wa kawaida wa sauti nne, ikibanwa, huwa na makumi ya kilobaiti au chini ya hapo, ilhali picha za kurasa zile zile zinaweza kufika megabaiti kadhaa. Programu ya kuchora huwa nzito zaidi ya faili yenyewe, lakini ikipakuliwa mara moja kivinjari huweza kuihifadhi kwa nyimbo zitakazofuata.

Marudio hupaswa kujaribiwa moja baada ya jingine. Wimbo wenye kiitikio na beti nne unaweza kuonekana sawa kwenye ukurasa na bado kupigwa vibaya, tarakilishi ikaimba ubeti wa kwanza na kunyamaza. Isitoshe, kiongozi na waitikiaji wanaopokezana huhitaji mistari tofauti, hata kama hawaimbi kwa pamoja kamwe.

Pale piano inapodanganya

Kuna muziki ambao sauti ya kinanda haiwezi kuubeba. Nyuzi nane za nyatiti ya Waluo hazikazwi kwa kufuata ngazi sawa za kinanda, na baadhi ya nyimbo za taarabu za pwani hutumia sauti zinazoangukia kati ya vitufe viwili. Kinanda cha tarakilishi kikizipiga nyimbo hizo, mwanafunzi hujifunza kitu kisichokuwepo.

Suluhisho ni kuunganisha nota na sauti iliyorekodiwa. Mtayarishaji husikiliza rekodi na kubonyeza kitufe kila kipimo kinapoanza. Nyakati hizo huhifadhiwa kama ratiba, na nota zikafuata mpigaji halisi, pamoja na anapokaza mwendo na anapoulegeza. Kwa ngoma na kayamba, mstari mmoja wa mapigo hutosha badala ya mitano. Nota katika hali hiyo huwa mwongozo, na rekodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Haki za watunzi

Kupandisha wimbo mtandaoni ni kuuchapisha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maishani mwake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mpangilio wa wimbo una haki yake tofauti na ya wimbo wa asili, na maneno yana haki yake tofauti na muziki. Tenzi ya Ulaya ya karne ya 19 yaweza kuwa huru, huku tafsiri yake ya Kiswahili au mpangilio wake mpya ukiwa bado na mwenyewe.

Nyimbo za jadi nazo si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni huzitambua jamii kuwa wenye haki, hivyo kuandika tu kwamba wimbo ni wa jadi hakutoshi. Jina la jamii, eneo ulikotoka na aliyeuimba wakati wa kuandikwa ni sehemu ya nota.

Chama cha MCSK, kilichosajiliwa mwaka 1983 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa na ofisi zake Westlands, kilijulikana zaidi kwa kukusanya mirabaha ya muziki unaochezwa hadharani. Kibali cha kuchapisha nota ni jambo jingine, na njia iliyonyooka ni kumwendea mtunzi au warithi wake na kupata idhini kwa maandishi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia sheria hiyo.

Kunao pia wasomaji wasioona. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, unaorahisisha utoaji wa maandishi kwa breli na njia nyingine bila kizuizi cha hakimiliki. Faili ya MusicXML inaweza kugeuzwa kuwa nota za breli kwa programu. Picha ya karatasi haiwezi.

Kudumu kwa kazi

Historia fupi ya teknolojia hii ina makaburi yake. Katika miaka ya 2000, tovuti nyingi zilionyesha nota kwa kiambatisho cha Sibelius kilichoitwa Scorch. Mwaka 2015 kivinjari cha Chrome kiliacha kukubali viambatisho vya aina hiyo, na kurasa hizo zikanyamaza. Zilizotegemea Flash zilifuata mwishoni mwa 2020. Mnamo Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba inasitisha Finale, programu iliyokuwa imetumika kwa zaidi ya miaka 30. Waliokuwa na kazi zao katika faili za Finale pekee walishauriwa kuzihamishia katika MusicXML wakati bado programu inafunguka.

Hali hii inayahusu moja kwa moja makusanyo ya Afrika Mashariki. Tovuti ya Swahili Music Notes ya Tanzania, yenye maelfu ya nyimbo za kwaya za Kikatoliki, imewawezesha wanakwaya wa nchi kadhaa kupata nota ambazo awali zingehitaji safari. Wingi wa PDF zake unaonyesha jinsi kiu ilivyo kubwa. Hatua inayofuata kwa mikusanyo kama hiyo, na kwa maktaba za kwaya za Nairobi, ni kuhifadhi nyuma ya kila PDF faili inayoweza kusomwa na programu yoyote.

Kwa kila wimbo, vitu vinne vinapohifadhiwa pamoja kazi huwa imekamilika: picha ya karatasi ya asili kama ushahidi, faili ya MusicXML, PDF ya kuchapishwa, na ukurasa mmoja wenye jina la mtunzi, la mpangaji, la jamii, tarehe na kibali. Nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, mojawapo ikiwa nje ya tarakilishi ya mtayarishaji.

Kwaya ya watu 30 inaweza kuanza na nyimbo zile ambazo nakala yake imebaki moja tu, mradi waliojifunza kwa mtunzi mwenyewe bado wapo wa kuulizwa. Programu zitabadilika na tovuti zitafungwa na kufunguliwa. Kumbukumbu za wazee hao hazina nakala ya akiba.